Sauti ya Toleo la Zamani

Nyumbani, Jumanne, 4 Machi

Kasuku wangu,

Pokea salamu zangu kabla ya wasiwasi wangu, maana vyote viwili vimo humu na sitaki kimoja kimzibie mwenzake njia. Sisi hatujambo. Dada yako hajambo, mwanawe ameota meno na anang'ata kila anayemsogelea. Baba yako naye, daktari amemwangalia tena lile tundu la kooni alikopasuliwa, akasema ni safi, uvimbe haujarudi.

Nakuandikia kwa karatasi, simu sitaki. Nyumba yetu ni vyumba viwili, na baba yako amepoteza sauti, hajapoteza masikio. Kwenye kompyuta ndiyo kabisa siandiki neno, kwa sababu siku hizi siiamini, na huyo anayekuja kuishikashika simwamini zaidi. Ukinijibu, andika kwa anwani ya pale kwa dobi ninapopiga pasi. Usilete barua nyumbani.

Jambo lenyewe ni hili. Ile kompyuta uliyomwekea baba yako, yenye hiyo Linux yako, kila asubuhi akiiwasha inaleta maneno kwenye kona ya kioo: "Toleo jipya lipo." Chini yake kuna vibonye viwili, "Sasisha sasa" na "Nikumbushe baadaye." Si jambo la leo. Zamani baba yako alikuwa anabonyeza "baadaye" bila kuangalia, kama mtu anayefukuza nzi. Sasa naona anayasoma. Anasoma, anakuna kidevu, ndipo anabonyeza. Mtu aliyekuwa anafukuza nzi akianza kumtazama nzi usoni, mwanangu, hapo kuna neno.

Halafu kuna fundi. Fundi wa kompyuta, wa kile kibanda kilicho karibu na uwanja wa mnada alipokuwa akifanya kazi baba yako. Ni binti. Anavaa suruali yenye mifuko mpaka magotini, na shikamoo yake ina adabu kuliko inavyohitajika. Anakuja nikiwa kazini. Utaniuliza nimejuaje. Nimekuta vikombe viwili vimeoshwa na kufunikwa. Baba yako tangu anioe hajawahi kuosha kikombe. Mwanaume wa namna hiyo akiosha vikombe viwili, anafuta nyayo.

Siku moja niliwakuta. Baba yako alikuwa anaandika, kuniona tu akafuta yote. Watu wengine wakikatiza maneno unasikia wamekatiza. Kwake nilisikia kidole tu, kinagonga kile kibonye cha kufutia mpaka kioo kikawa cheupe.

Ninachoogopa unakijua. Baba yako anaongea kwa sauti yako. Unakumbuka ulivyojifungia ndani ya kabati la nguo na kile kipaza sauti, unasoma ba, be, bi, vipande vya maneno visivyo na kichwa wala miguu, na mimi nje nawazuia watoto wa jirani wasipige makopo? Halafu ukavishona vyote, baba yako akaandika, na sauti yako ikatoka pale mezani ikasema, "Chai haina sukari." Nililia. Sikulilia sukari.

Sasa niambie, wakisasisha, sauti yako itabaki? Nasikia siku hizi sauti za watu zinaibwa, zinatumika kudanganya ndugu zao kwenye simu. Huyo binti ataitoa yako ndani ya kompyuta aende nayo wapi? Nilimuuliza baba yako. Akaandika, na wewe ukanijibu, "Ni mambo ya kompyuta, hutaelewa." Kwa sauti yako mwenyewe. Mtoto niliyemzaa ananiambia sitaelewa.

Kula vizuri. Hayo mavumbi ya saruji usiyapumue.

Mama yako


Bweni la kiwanda, Ijumaa, 14 Machi

Mama, shikamoo.

Barua yako niliisoma wakati wa chakula, wenzangu wakaniuliza nacheka nini. Nilipofika mwisho nikaacha kucheka.

Nitakueleza kama ninavyojua. Hiyo Linux niliyoweka, yaani mfumo unaoiendesha kompyuta, ni toleo la zamani, na walioitengeneza wameacha kulihudumia. Bado linafanya kazi. Lakini ni kama nyumba ambayo mwenye nyumba ameacha kuziba mabati. Leo hakuvuji, ila siku kukivuja hakuna wa kumwita. Ndiyo maana linawakumbusha kila asubuhi.

Sasa habari mbaya. Sauti yangu imo kwenye programu ambayo toleo jipya halina tena. Lenyewe lina sauti zake, za watu nisiowajua. Nilijaribu huku kuihamisha yangu, imegoma. Kwa hiyo ndiyo, Mama. Wakisasisha, sauti yangu inaondoka, na kurudi nyuma baada ya hapo ni kazi ngumu.

Mimi nasema msibonyeze mpaka nije likizo. Na huyo fundi hata mimi ananitia shaka. Ameomba neno la siri? Amechomeka flashi? Na fundi haji nyumba ya mtu bila kuitwa. Aliyemwita ni nani? Baba hajaniambia lolote, na kila wiki tunaandikiana kwenye simu. Ni mpira na mvua tu, mpira na mvua. Sasa najiuliza ni kwa nini.

Mchunguze taratibu. Usigombane naye.

Mwanao, Kasuku


Nyumbani, Jumapili, 23 Machi

Kasuku wangu,

Umesema nichunguze taratibu. Nimechunguza, na taratibu sikuiweza.

Nilimwambia msimamizi kichwa kinaniuma. Kilikuwa hakiniumi, ila sasa kinaniuma kweli, nadhani ni malipo. Nikapita njia ya nyuma, pale kwenye mfereji wa bafu, nikasimama chini ya dirisha nimejitwika kapu kichwani kama mtu anayepita. Nikasikia mwanaume ndani ya nyumba yangu.

Sio wewe. Sio baba yako, maana baba yako ndiyo hivyo tena. Mwanaume mwingine, sauti nzito, ya mtu mzima, sijawahi kuisikia. Akasema, "Kaa hapa karibu nami." Halafu nikamsikia binti anacheka. Halafu yule mwanaume akasema, "Umechoka. Weka mzigo chini."

Kapu nililitupa. Nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa mbele bila hodi, na hodi ya nini, nyumba ni yangu. Nikawakuta wawili tu. Kioo cha kompyuta kilikuwa na rangi nyingine, sio ile yetu. Binti akachomoa kitu kidogo, flashi hiyo uliyosema, na kioo kikawa cheusi. Nikaangalia nyuma ya mlango. Nikaangalia nyuma ya pazia. Nikainama chini ya kitanda. Binti akaaga, shikamoo yake siku hiyo niliiacha ikining'inia. Baba yako akasubiri kompyuta iwake upya, akaandika, na wewe ukaniuliza, "Umepoteza nini?"

Nikasema kijiko.

Sasa wewe uliyesoma niambie yule ni nani na amepitia wapi. Wanampata kwa simu? Ndiye mnunuzi wa sauti yako, amekuja kuisikiliza kabla ya kuichukua? Na kama ni mnunuzi, mbona maneno yenyewe ni ya kubembeleza? Nani aliyeambiwa akae karibu? Yule binti ni mdogo kwa dada yako. Sitaki kufikiria ninachofikiria, na ninakifikiria nikipiga pasi, juzi nimeunguza kola ya shati la watu.

Jambo jingine dogo. Waya wa umeme wa kompyuta umepotea. Tumeutafuta kila mahali. Labda ni panya, mwaka huu panya wamezidi. Kwa hiyo kompyuta haiwaki na baba yako yuko kimya. Fundi alikuja na waya mwingine, nikamjibia mlangoni kwamba mgonjwa amelala. Kwa hiyo usiwe na hofu. Hakuna wa kusasisha chochote. Sauti yako iko salama.

Mama yako


Jumatatu, 31 Machi

Bwana mdogo,

Hii ni barua yangu ya kwanza kwako tangu uondoke, usishtuke, sijafa. Isome ukiwa peke yako. Nimeipeleka posta mwenyewe.

Mama yako yuko kazini na waya anao. Uko kwenye mkoba wake, chini ya lile shuka la kupigia pasi. Niliuona siku ileile alipouficha. Nikamwachia. Nilitaka kuona kama ukimya wangu utamchosha. Ukimya umenichosha mimi. Karatasi zipo, lakini huwezi kumtumia barua mtu aliye jikoni kutoka kitandani. Juzi alikuja mtu wa mita ya maji, akaniuliza mwenye nyumba yuko wapi, nikamwonyesha koo langu. Akaanza kupayuka kana kwamba mimi ni kiziwi. Mimi niliyekuwa nasikika mpaka upande wa pili wa uwanja.

Fundi nimemwita mimi. Vikombe pia niliosha mimi, na nilidhani nimefanya jambo la maana.

Sasa nikwambie sababu, na unisamehe kwa sababu inakuhusu. Unajua kazi yangu ilikuwa nini. Mtu hanunui kabati bovu mnadani, ananunua sauti ya anayelinadi. Ile niliyokuwa nayo wameikata, wameitupa, sikuililia sana kwa kuwa nilibaki hai. Ukanipa yako. Nikaivaa kama mtu anavyovaa koti la mwanawe wakati wa baridi, kwa shukrani.

Lakini mama yako akiisikia ananijibu wewe. Asubuhi kabla ya kutoka anasimama pale mezani nimuage. Naandika "Kazi njema." Anasikiliza amefumba macho, halafu ananiambia, "Asante, mwanangu." Hajui kama anasema hivyo. Ile wiki ya mvua ambayo hukupiga simu alikuwa halali. Akaniomba niandike, "Mama, nimefika salama." Nikaandika. Akaniomba nirudie, nikarudia. Tangu siku hiyo sijaweza kuandika "mke wangu." Vidole vinafika pale vinakataa. Mwanaume anambembelezaje mkewe kwa mdomo wa mtoto wake?

Ninaomba chumvi. Ninauliza habari za kazi. Mengine yote nimeyaweka ndani, na ninazeeka nayo.

Binti fundi aliniambia toleo jipya linaonjwa kwanza. Linawashwa kutoka kwenye flashi bila kuwekwa, kama mpishi anavyoonja mchuzi kiganjani. Ukichomoa, kila kitu kiko palepale. Siku mama yako alipotuvamia nilikuwa naonja. Niliandika maneno niliyotaka kumwambia yeye akirudi. Binti alicheka kwa sababu sauti iliyatamka kama inasoma nauli za basi. Halafu mlango ukafunguka, mama yako akaanza kutafuta kijiko chini ya kitanda.

Hizo sauti mpya ni za wageni, hakuna hata moja inayofanana na yangu ya zamani. Sijali. Mgeni naweza kumzoesha. Wewe siwezi kukugeuza kuwa mimi.

Sauti ni yako na siitui bila kukuuliza. Ukikataa nitaendelea kubonyeza "baadaye" mpaka kompyuta ife au nife, na sitakulaumu. Ukikubali, mwambie mama yako wewe. Nikimwambia mimi, atasikia wewe ndiye unayemwambia.

Baba yako


Bweni la kiwanda, Jumatano, 9 Aprili

Baba, shikamoo.

Itue. Nilikupa, sikukuazima.

Fundi anakili kwanza kila kitu kwenye diski ya pembeni, picha na barua zako za hospitali, kabla hajasasisha. Mwambie nimesema mimi.

Mwanao


Bweni la kiwanda, Jumatano, 9 Aprili

Mama, shikamoo.

Nimebadili mawazo. Kompyuta isasishwe, usiningoje.

Nilimshuku yule fundi na nilikosea. Hakuja kuiba, aliitwa. Yule mwanaume uliyemsikia dirishani usimtafute tena chini ya kitanda. Ni sauti ya toleo jipya, inayosoma alichoandika mtu, na aliyeandika ni Baba. "Kaa hapa karibu nami" hakumwambia binti. Alikuwa anajaribu namna ya kukwambia wewe. Zaidi ya hapo sisemi, mengine hayanihusu mimi mtoto. Muulize ni kitu gani anachotaka kusema ambacho sauti yangu haiwezi kumsemea.

Waya utafute tena. Anzia kwenye mkoba wa pasi.

Na mimi nina langu. Mara nyingi nimeshika simu kukupigia, nikairudisha mfukoni. Najiambia kwani wananikosa nini, wananisikia kila siku pale mezani. Sauti hiyo imenirahisishia kutokuwepo. Ikiondoka, itabidi nipige mwenyewe, na ninataka ibidi.

Mwanao, Kasuku


Kwa dobi, Jumanne, 15 Aprili

Wewe mtoto,

Naandika hapa hapa mezani kwa pasi, mwenzangu ananikinga msimamizi asinione.

Nani amekwambia habari za mkoba? Sikukuandikia mkoba. Nilikuandikia panya. Mwezi mmoja ulisema msibonyeze, mwezi wa pili unasema wabonyeze. Katikati hapo kuna mtu amekuandikia, na huyo mtu nalala naye kitanda kimoja. Mmenizunguka, wewe na baba yako na yule binti wa mifuko. Nimeigeuza barua yako huku na huku. Mwandiko ni wako. Ningependa usiwe wako.

Ati kuna kitu anataka kuniambia. Miaka yote hii tunakula sahani moja, karatasi zimejaa nyumbani, kalamu zipo, anashindwa nini? Na huyo mgeni mwenye sauti nzito, mimi nitamjuaje? Nitakuwa naulizwa "umelala?" na mtu nisiyemfahamu kwao. Ukiwa peke yako nyumbani na mume bubu, nyumba inakuwa kubwa, Kasuku. Wewe hujui. Uliondoka asubuhi, begi begani, hukugeuka nyuma kwa sababu uliogopa kulia, nilikuona mabega. Nilichobaki nacho ni hicho kinachotoka mezani. Sasa mnataka nikifungulie mlango kwa mkono wangu mwenyewe.

Waya bado haujaonekana.

Mama yako


Nyumbani, Jumatatu, 28 Aprili

Kasuku wangu,

Nilikaa na hasira siku kadhaa, sikuandika. Leo naandika nyumbani, mezani, baba yako yupo na anajua nakuandikia nani. Ameniambia nikusalimie. Ndiyo, ameniambia. Subiri nifike huko.

Jumamosi ile baada ya barua yangu ya hasira nilirudi kutoka kazini, nikapika chai, nikampelekea. Siku zote hizo za ukimya nilikuwa naongea peke yangu kama redio, namweleza habari za kazi, najiuliza na kujijibu. Nikaweka kikombe mbele yake nikasema, "Kunywa, mwanangu, isipoe."

Kompyuta ilikuwa imezimwa, hakuna sauti yoyote ndani ya nyumba iliyokuwa yako. Nilikuwa nimemwangalia yeye usoni, mvi zake, lile tundu lake la kooni lenye kitambaa, nikamwita mwanangu. Akakishika kikombe, hakunywa. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali. Alinitazama kama mtu aliyezoea.

Nikamuuliza, hivi huwa nakuita hivyo? Akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza, tangu lini? Akaielekezea kidole ile kompyuta iliyozimwa.

Mwanangu, sikuwa najua. Naapa sikuwa najua. Nilikuwa nawashuku watu wote wa nyumba hii na wa nje, nimechungulia dirishani kwangu mwenyewe, kumbe aliyekuwa anamwibia baba yako nafasi yake ni mimi, mchana kweupe, na tabasamu juu.

Nikaenda kwenye mkoba, nikautoa waya, nikauweka mezani mbele yake. Nikamwambia panya wameurudisha. Mabega yake yakaanza kutikisika. Baba yako akicheka siku hizi haitoki sauti, hewa tu inapiga kwenye kitambaa, na mimi huwa sipendi kuiangalia. Siku hiyo niliiangalia.

Basi tukamwita binti. Nilimpokea na kiti, lakini macho sikumwondolea, kuomba radhi ni kitu kimoja na kulala usingizi ni kingine. Kwanza akanakili kila kitu kwenye diski ya pembeni, nikamwambia anionyeshe, akanionyesha, nikamwambia anionyeshe tena. Picha ya harusi ya dada yako ipo. Hata yako uliyokatika kichwa ipo. Halafu akachomeka ile flashi ili tuonje, na baba yako akaniandikia nichague mimi, kwa kuwa mimi ndiye nitakayeisikia.

Ya kwanza ilikuwa ya mtu wa taarifa ya habari. Nikasema hapana, siwezi kuulizwa chumvi iko wapi nikadhani kumepinduliwa serikali. Ya pili ilikuwa ya kijana, laini, ina haraka. Hiyo binti aliipenda. Nikamwambia kaolewe nayo wewe. Akacheka mpaka akashika meza, na hapo nikaanza kumpenda kidogo, kidogo tu. Ya tatu ni ile niliyoisikia dirishani. Nzito, imechoka kidogo, na kuna maneno inayavuta kama mtu aliyetoka mbali. Nikamwambia baba yako aandike kitu. Akaandika, "Mimi ni mnadi mstaafu." Ikatamka "mstaafu" kwa kujikwaa. Nikasema hiyo hiyo. Angalau hajifanyi.

Binti akachomoa flashi, kompyuta ikarudi ile ya zamani, na yale maneno yakaja yenyewe kwenye kona, "Toleo jipya lipo." Baba yako akasukuma kiti chake pembeni ili nikae. Kabla sijabonyeza akaniuliza kwa sauti yako kama kuna kitu ningependa kukisikia mara ya mwisho. Nikasema hapana. Kilikuwepo. Nikasema hapana, nikabonyeza.

Kumbe kazi yenyewe ni ndefu. Nilidhani ni kama kuzima taa. Kioo kikawa cheusi, yakapita maandishi ya kizungu kama siafu, kikazima kabisa, kikawaka, kikazima tena. Nikamuuliza binti, imekufa? Akasema haijafa. Nikamuuliza tena baada ya kumwaga maji ya wali, akasema haijafa, mama. Nikasema moyoni, hapa ndipo tunapoibiwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mwiko, sijui ningempiga nao nani.

Halafu ikawaka, rangi mpya, kila kitu kimesogea mahali pake kidogo, kama nyumba iliyofagiwa na mgeni. Kile kibandiko cha kona hakipo. Binti akasema baada ya miaka kadhaa kitarudi, litakuja toleo jingine. Nikamwambia siku hiyo aje mchana, nikiwepo.

Sikufichi, siku za mwanzo nilikuwa nageuza shingo. Mtu anauliza taulo liko wapi, nami natazama mlango kuona ni nani ameingia. Asubuhi ya kwanza aliniaga kwa ile sauti nikamjibu "asante, bwana," kama ninavyowajibu wateja. Na jioni nikifika, kabla sijavua viatu, bado nangoja kidogo. Kile ninachokingoja unakijua, na ulivyopiga simu Alhamisi nilikuacha uongee tu, sikusikiliza hata ulichokuwa unasema, kwa hiyo kama ulinieleza jambo la maana ulirudie. Bado pia sijamwamini huyu mgeni moja kwa moja. Namsikiliza kila neno nione kama ni la baba yako kweli au ameongeza lake.

Lakini ngoja nikwambie la siku ile ile, jioni. Binti alikuwa anafunga mfuko wake. Baba yako akavuta kiti kingine, akakiweka karibu na chake, akaanza kuandika. Aliandika muda mrefu. Akawa anafuta, anaandika, anafuta. Nikamwambia anasumbuka nini, ni chumvi tu, aseme. Akanyanyua mkono nisubiri. Binti akatuangalia, akaniangalia mimi, akachukua mfuko wake akatoka bila kunywa chai yake, na nikasikia akirudishia mlango polepole.

Nikakaa. Baba yako akabonyeza.

Alichosema sikuandikii. Wewe ni mtoto.

Mama yako